Uchambuzi: Kenya na swali la kipimo kimoja kwa wagonjwa wa utengamao

Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu nchini Kenya, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 2003, inalipa uzito mpya swali ambalo kwa miaka mingi limebaki ndani ya vyumba vya mazoezi vya hospitali. Mtu mzima anapofikishwa kwenye huduma za utengamao, yaani huduma za kumrudishia uwezo wa kutembea, kujihudumia, kusema na kufanya kazi baada ya ugonjwa au ajali, ni nani anayepima uwezo wake siku za kwanza, kwa kipimo gani, na matokeo hayo yanakwenda wapi?

Swali hilo lina sura ya kitaalamu, lakini ndani yake mna fedha na maisha ya watu. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF. Mlipaji yeyote, iwe bima au serikali ya kaunti, mapema au baadaye hutaka kujua kama fedha zake zimemsaidia mgonjwa, na jibu halipatikani ikiwa hakuna aliyeandika hali ya mgonjwa huyo ilivyokuwa mwanzoni. Baraza Kuu la Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipopitisha azimio la kuimarisha utengamao mwezi Mei 2023, lilizitaka nchi wanachama kuingiza huduma hizo katika mifumo yao ya kawaida ya afya, takwimu zikiwemo. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya zinazoweza kunufaika na utengamao. Hao ni takriban mtu mmoja kati ya watatu.

Chukua mfano wa mchuuzi wa samaki mwenye umri wa miaka 58 kutoka Homa Bay, aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Katika hospitali ya kwanza, mtaalamu wa fiziotherapia anapima nguvu za misuli yake kwa daraja la 0 hadi 5 na kuandika kuwa "anatembea kwa msaada". Wiki mbili baadaye anapelekwa hospitali ya rufaa Kisumu. Huko mtaalamu wa tiba kwa vitendo ana fomu nyingine, naye anaandika kuwa mama huyu "anahitaji msaada wa wastani". Anaporudi nyumbani, barua yake ya kuruhusiwa inataja dawa za shinikizo la damu na tarehe ya kliniki, basi. Je, amepata nafuu? Hakuna ajuaye. Msaada wa wastani ni wa mtu mmoja au wawili? Kutembea kwa msaada ni kushika ukuta, kushika gongo au kubebwa nusu nzima? Kila aliyeandika alijua alichomaanisha, ila maana hiyo ilibaki hospitalini pamoja naye.

Ni rahisi kuwalaumu wataalamu, lakini lawama hiyo haina haki. Mfumo wenyewe umewagawa. Wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao ya 2014 na baraza lao. Wale wa tiba kwa vitendo wana sheria ya 2017 na baraza jingine. Juu ya hapo, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti 47 uendeshaji wa hospitali, huku wizara jijini Nairobi ikibaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Fomu moja ya nchi nzima inahitaji kukubaliwa na pande hizo zote, na hakuna hata upande mmoja wenye uwezo wa kuamuru peke yake. Kilichozoeleka ni kila kitengo kutumia fomu iliyokutwa na aliyekuwepo kabla yake.

Cheti ni jambo moja, tiba ni jingine

Kuna tathmini moja ambayo Kenya imejitahidi kuiwekea utaratibu, nayo ni ile ya usajili. Anayetaka kutambuliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupimwa kwanza katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha ripoti ya kitabibu huandikwa na usajili hufuata. Usajili huo una thamani. Miongoni mwa manufaa yake ni uwezekano wa kuomba msamaha wa kodi kwa Shilingi 150,000 za Kenya za kwanza za mapato ya kila mwezi.

Wapo wanaodhani kuwa kwa kuwa tathmini hiyo ipo, ingetosha kuipeleka katika vyumba vya tiba na kazi ikaisha. Hilo lingekuwa kosa. Mbele ya jopo la usajili, mtu ananufaika kwa kuonyesha anachoshindwa. Mbele ya mtaalamu anayempangia mazoezi, ananufaika kwa kuonyesha anachoweza. Mtu yuleyule, katika wiki ileile, anaweza kutoa majibu mawili tofauti bila kusema uongo, kwa sababu uwezo wa aliyepooza nusu ya mwili hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na kati ya siku ya maumivu na siku ya ahueni. Ukitumia fomu moja kwa kazi zote mbili, utampa mgonjwa sababu ya kutoimarika katika karatasi.

Rwanda inatoa funzo linalofanana na hilo. Agizo la waziri la 2009 liliwapanga watu wenye ulemavu katika makundi matano kwa asilimia. Mpango huo husaidia kugawa misaada, lakini haumwambii mtaalamu aanzie wapi. Mafundi cherehani wawili waliokatwa mguu chini ya goti wanaweza kuwa na asilimia ileile. Mmoja ana mashine ya umeme mjini Huye. Mwingine anatumia cherehani ya kukanyaga kijijini. Wa kwanza anaweza kurudi kazini kidonda kikipona. Wa pili hana kazi mpaka apate mguu bandia na ajifunze upya kukanyaga, au apate mashine nyingine. Asilimia ya kiungo kilichopotea haisemi lolote kuhusu hilo.

Tofauti hii ndiyo iliyoifanya WHO mwaka 2001 kupitisha Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, unaofahamika kama ICF. Uainishaji huo hautazami mwili peke yake. Unauliza pia mtu anafanya nini katika maisha yake, anashiriki wapi, na mazingira yake yanamsaidia au yanamzuia vipi.

Funzo la sensa

Anayeshuku kwamba namna ya kuuliza inaweza kubadilisha picha ya nchi nzima na aangalie sensa za kanda hii. Sensa ya Kenya ya 2009 ilisema watu wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ile ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na kuendelea. Ng'ambo ya mpaka, Uganda ilitangaza asilimia 12.4 katika sensa ya 2014, ikihesabu kuanzia umri wa miaka miwili. Hakuna ugonjwa wala vita inayoeleza pengo hilo baina ya majirani wawili. Linaelezwa kwa sehemu kubwa na mahali mstari ulipochorwa. Maswali sita ya Kundi la Washington, yanayohusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, yana majibu manne, kuanzia "hakuna shida" hadi "siwezi kabisa". Kenya ilihesabu wenye shida kubwa na wasioweza kabisa. Uganda iliwaingiza pia wenye shida kiasi.

Kwa hiyo kusawazisha tathmini si kuchapisha karatasi moja na kuisambaza. Ni kukubaliana pia kuhusu mstari unapochorwa, siku ya kupima, na anayejibu: mgonjwa mwenyewe, mkewe, au binti aliyemleta kwa bodaboda.

Ngazi ambazo hazipo

Vipimo vyenyewe havikosekani. Kinachojulikana zaidi ni kile cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel katika jimbo la Maryland, Marekani. Kina vipengele kumi: kula, kuoga, kujisafisha uso na meno, kuvaa, kudhibiti haja kubwa, kudhibiti mkojo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea mahali tambarare, na kupanda ngazi. Jumla yake ni alama 100. Hakihitaji mashine, na mtaalamu aliyekizoea hukimaliza kwa dakika chache.

Hata hivyo kilizaliwa katika hospitali za Marekani, na kinabeba nyumba za huko. Alama kumi kati ya 100 ni za kupanda ngazi. Katika kijiji cha Kitui au Kwale, nyumba nyingi hazina ngazi hata moja. Kilichopo ni kilima cha kwenda kisimani, kizingiti cha mlango, na choo cha shimo kinachomtaka mtu achuchumae kisha anyanyuke bila cha kushika. Mgonjwa anayeweza kukaa kwenye choo cha hospitali chenye kiti na kuinuka mwenyewe anapata alama kamili, halafu anafika nyumbani na kugundua kwamba hawezi kujisaidia bila mtu wa kumshika mkono. Hapo tathmini imefanywa kwa usahihi, na bado imempotosha kila mtu. Wengi wangeongeza na sala: mzee wa Lamu asiyeweza kusujudu hatakuambia kwamba tatizo lake ni goti. Atakuambia haendi tena msikitini.

Wabunifu wa kipimo hicho wenyewe walionya mwaka 1965 kwamba mtu mwenye alama 100 huenda bado hawezi kuishi peke yake, maana kupika, kutunza nyumba na kukutana na watu havimo katika hesabu. Kumbukumbu na usemi navyo havimo. Aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, lakini mikono na miguu yake ikasalimika, anaweza kuonekana mzima kabisa.

WHO ina kipimo chake, WHODAS 2.0, kinachogusa kuelewa, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, kazi za nyumbani na za kipato, na kushiriki katika jamii. Kina toleo la maswali 36 na fupi la maswali 12, na kimewahi kutumika nchini Kenya kwa Kiswahili. Kwa mgonjwa wa nje, anayeishi kwake na kuja kliniki kila wiki, kinafaa zaidi kuliko Barthel. Ila kinauliza kuhusu siku 30 zilizopita. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo Jumanne iliyopita, siku 25 kati ya hizo alikuwa akibeba magunia sokoni. Kumuuliza wastani wa mwezi mzima ni kumpima mtu ambaye hayupo tena.

Ubora wa kipimo hiki au kile si hoja kubwa. Kwa mgonjwa aliyelazwa, kipimo cha kutazama anachofanya siku za kwanza kinafaa; kwa anayeishi nyumbani, maswali ya maisha ya mwezi yanafaa. Kenya ingeweza kuchagua viwili hivyo, kila kimoja na mahali pake, kuliko kuendelea kungoja kimoja kitakachofaa kila mahali. Vilevile ni busara kuepuka vipimo vyenye leseni ya kulipia, kama FIM yenye vipengele 18, ambayo imetumika sana katika nchi tajiri. Hospitali ya kaunti inayokosa glavu haitalipia haki ya kutumia fomu.

"Unaweza" na "unafanya"

Kuna jambo ambalo kwa mzungumzaji wa Kiswahili liko wazi. "Unaweza kuoga mwenyewe?" na "Unaoga mwenyewe?" ni maswali mawili. La kwanza linauliza uwezo, la pili linauliza mazoea. Mgonjwa mwenye adabu akiulizwa la kwanza na daktari atajibu "naweza, kwa uwezo wa Mungu", kwa kuwa kusema siwezi ni kujikatia tamaa mbele ya watu. Akiulizwa la pili, atasema kwamba mke wake ndiye humwogesha tangu alipotoka hospitalini. ICF nayo inatenganisha uwezo na utendaji kwa makusudi. Mtaalamu mmoja akiuliza kwa "unaweza" na mwenzake wa zamu ya pili akiuliza kwa "unafanya", alama zitatofautiana hata kama mgonjwa hajabadilika chochote.

Msaada pia una tafsiri yake. Katika familia nyingi za kanda hii, mzee kuvishwa viatu na wajukuu ni heshima, wala si dalili ya udhaifu. Mwanamume asiyewahi kupika maisha yake yote hawezi kuhesabiwa kuwa ameshindwa kupika kwa sababu ya kiharusi. Upande wa pili, mkwe haruhusiwi na mila nyingi kumwogesha baba mkwe, hivyo mzee anaweza kuwa na nyumba iliyojaa watu na bado akakosa wa kumsaidia kuoga. Fomu inayouliza tu kama "kuna msaidizi nyumbani" itaandika ndiyo. Tafsiri ya kipimo kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo, Kikamba au Kisomali, inahitaji kujaribiwa na wagonjwa kabla ya kuidhinishwa. Kuipeleka kwa mfasiri na kuirudisha hakutoshi.

Marekani nayo ilichelewa

Wanaosema kwamba usawazishaji ni anasa ya nchi zenye uwezo wanaweza kushangaa kujua kwamba Marekani yenyewe ilichelewa. Kwa miaka mingi, hospitali zake za utengamao zilitumia FIM, nyumba za uuguzi zikatumia fomu nyingine, na huduma za majumbani fomu ya tatu. Mgonjwa mmoja aliyepitia sehemu zote tatu alipimwa kwa lugha tatu zisizotafsirika. Sheria ya 2014 ililazimisha vipengele vya pamoja, na kuanzia Oktoba 2019 mpango wa bima wa Medicare uliacha kutumia FIM katika hospitali za utengamao. Badala yake yakaja maswali yaleyale kwa sehemu zote, kwa alama 1 hadi 6, yanayojibiwa katika siku tatu za kwanza kabla tiba haijabadilisha hali ya mgonjwa. Cha kuazima hapo ni ule muda wa siku tatu kuliko orodha ya maswali. Hospitali mbili zenye fomu moja, moja ikipima siku ya pili na nyingine siku ya kumi na mbili, haziwezi kulinganishwa.

Hatari ipo pia, na haifai kufichwa. Alama ikishaandikwa, mlipaji ataitumia. Mgonjwa aliyeanza na alama 20 na kufika 35 baada ya wiki sita bado hawezi kutembea, na afisa wa bima anaweza kuona ni fedha zilizopotea. Kwa familia yake, alama hizo 15 huenda ndizo tofauti kati ya kulishwa na kujilisha, na kati ya binti kuacha kazi na binti kubaki kazini. Ikiwa SHA itaanza siku moja kulipa kwa kutazama alama, kanuni za matumizi hayo zinapaswa kuandikwa kabla, wagonjwa na vyama vya watu wenye ulemavu wakiwa mezani.

Miundombinu ya kubebea taarifa hizo haihitaji kujengwa upya. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuutumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima, mwaka 2011. Kwa upande wa utengamao, ripoti za kila mwezi huhesabu zaidi mahudhurio: ni wangapi wamekuja. Kuongeza safu mbili, alama ya kuingia na alama ya kutoka, ni kazi ndogo kwa mfumo na kubwa kwa anayezijaza. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja waliozinduliwa na serikali mwezi Septemba 2023 wangeweza kuuliza maswali 12 ya WHODAS nyumbani mwa mgonjwa, mwezi mmoja baada ya kuruhusiwa, mradi wafundishwe tofauti ya "unaweza" na "unafanya".

Suala hili halikomei kwenye mpaka wa Namanga. Kituo cha TATCOT mjini Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka katika nchi nyingi za Afrika. Mhitimu anayerudi kwao hubeba pia fomu alizofundishiwa. Kenya ikichagua vipimo vyake, vyuo vya jirani vitakuwa na sababu ya kuvifundisha. Isipochagua, kila mhitimu ataendelea kuwa na vyake.

Kikwazo kikubwa zaidi kinabaki kuwa muda. Mtaalamu aliye peke yake katika hospitali ya kaunti ndogo, akipokea wagonjwa wapya watano kwa siku na kutumia dakika kumi kumpima kila mmoja, anahitaji karibu saa nzima. Saa hiyo leo anaitumia kumnyoosha mtu mkono au kumfundisha kutumia magongo. Wizara na kaunti zikiagiza fomu mpya bila kuajiri mtu wa pili, anayejaza ataijaza jioni, kwa kukumbuka.